Maji ya Gari

Siku wakubwa walipokunywa maji ya gari ndiyo siku niliyoanza kuona kinyaa, na mpaka leo hakijanitoka. Walikuja uani mwa hospitali yetu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, wamevaa suti katika jua lile, wakapanga mstari nyuma ya gari kama watoto wanaongoja uji. Kwenye bomba, pale ambapo magari mengine yote hutoa moshi, mtu alikinga glasi. Maji yakadondoka tone kwa tone mpaka nusu glasi. Mkubwa wa kwanza akaiinua, akaigeukia kamera, akanywa, akalamba midomo.

"Ni safi!" akasema. "Safi kupita ya ziwa!"

Watu wakapiga makofi. Na kweli yalikuwa safi, ndiyo maana niliudhika. Mji huu unachota maji ziwani, palepale tunapofulia nguo na wengine wanapojisaidia. Ugonjwa wa kuhara ukija tunalaza watu mpaka verandani. Mabwana hao sijawahi kuwaona wakionja hata glasi moja ya maji tunayokunywa sisi, lakini haya ya gari waliyagombania. Gari likaachwa linawaka karibu saa mbili nzima, limesimama tu, ili kila mwenye cheo apate glasi yake na picha yake. Mmoja alikunywa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alifumba macho kwenye picha.

Mimi naitwa Godelieve, mkunga mkuu wa maternité hii, wodi ya wazazi, kwa miaka ishirini na sita sasa. Watu husema nina mdomo mchafu. Mdomo ninao, lakini uchafu sikuuleta mimi.

Gari lenyewe lilikuwa ambulansi nyeupe, imeinuliwa juu kwa ajili ya barabara zetu. Mradi wa watu wa nje ulituletea ili wajaribu kama gari la namna hiyo linaweza kuishi huku. Halinywi mazuti, dizeli yetu, wala petroli. Chini ya sakafu lina mitungi ya gesi inayoitwa hidrojeni. Gesi ile inakutana na hewa ndani ya kisanduku, umeme unatoka, umeme unazungusha magurudumu, na kinachobaki ni maji. Vainqueur ndiye aliyenieleza, mara tatu mpaka nikaelewa. Huyo ni fundi aliyekuja na gari, mtu wa kijiji cha Lweba aliyepelekwa ng'ambo kusomea mambo haya. Gesi yenyewe tuliitengeneza hapahapa, ndani ya kontena la buluu nyuma ya maternité. Juu ya paa lake kulikuwa na paneli za jua. Maji ya ziwa yalipita kwenye vichujio mpaka yakabaki bila chumvi wala chochote, yakakaa katika tangi jeupe, halafu mashine ikayapasua na kutoa gesi. Siku mbili tatu za jua zilitosha kujaza mitungi ya gari.

"Mama Godelieve," Vainqueur aliniambia akipigapiga lile tangi jeupe, "hii njo roho ya mashine. Maji ya ziwa yenye habajachuja ikiingia humu, hata ndoo moja, mashine itakufa. Haiko sawa na motere ya mazuti yenye inakulaka kila kitu."

Nililipenda gari lile, nisiwe mnafiki. Nililipenda kwa sababu ya wanawake wenye kovu. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa, uchungu ukimkuta mbali na daktari, kovu la ndani linaweza kuachia, na likiachia una muda mdogo sana. Kwa hiyo kabla ya gari niliwaamuru wote waje Baraka wiki tatu mapema, wakae kwa ndugu, kwa mashemeji, wengine sakafuni kwangu. Walinung'unika. Muhogo ulibaki shambani, watoto wakabaki na majirani. Lakini walikuja, kwa sababu ambulansi yetu ya zamani, ile ya mazuti, hakuna aliyeitegemea. Gari halikuwa bovu. Lilikuwa linanyonywa. Kila mafuta yalipoingia, Bonaventure, shofa wetu, yaani dereva, aliyatoa kwa mpira, mengine yakaenda kwa kadhafi, wale wanaouza mafuta kwa chupa kando ya barabara, mengine yakaenda kwenye jenereta nyumbani kwa Bertin, msimamizi wa hospitali. Sote tulijua. Ukiwasema, wanakujibu kwa kicheko kwamba mbuzi hula pale alipofungwa.

Basi gari la hidrojeni lilipofika, nilicheka mpaka machozi yakanitoka nikimwona Bonaventure analizunguka na mpira wake begani, akitafuta pa kuuingiza. Hakuna tundu. Gesi haina rangi, haina harufu, na hakuna kadhafi wa kuipokea kwa chupa.

"Gari gani hii?" alilalamika. "Haina hata kifuniko ya mazuti! Sasa shofa atakula nini?"

"Atakula mushahara," nikamjibu.

Akanitazama kama niliyemtukania mama yake.

Miezi mitano gari lilifanya kazi. Lilienda Lweba, likaenda mpaka Mboko kule mbali, likapita katika mashimo na mchanga bila kelele, hata mbuzi wa barabarani walikuwa hawalisikii mpaka honi ipigwe. Lilileta wanawake kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walirudi nyumbani wamebeba watoto wanaolia. Nikaanza kujiona mjanja. Nikabadilisha maagizo yangu ya miaka ishirini na sita.

Nadège alikuwa mwanamke wa Mboko, mama wa mtoto mmoja ambaye alitolewa kwa kisu hapahapa kwetu. Mimba ya pili ilipofika miezi minane alikuja kujipimisha pamoja na mama mkwe wake, Marthe, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya kulima na maneno machache. Marthe aliuliza lile walilouliza wote: waje lini kungoja?

"Musikuye kungoja," nikawaambia. "Mubakie kwenu, mutoshe muhogo yenu shambani. Siku uchungu itaanza, munipigie simu, gari itakuya kubabeba. Na pikipiki, hapana! Unasikia, Nadège? Na kovu hii usipande pikipiki hata kidogo."

Nadège alicheka, akasema atalala kama bibi mkubwa ndani ya ile gari ya kimya. Marthe hakucheka.

"Gari itakuya kweli?" akauliza.

"Mama, mi niko nakuambia. Itakuya."

Akauliza tena mlangoni, sandali zikiwa mkononi. Nikamwambia tena, na safari hii nilimwambia kwa ukali kidogo, maana sipendi kuulizwa mara mbili.

Wiki hiyohiyo Vainqueur aliitwa Bukavu kwa mafunzo ya wiki tatu. Alibandika karatasi ukutani mwa kontena: paneli zifutwe vumbi kila asubuhi, taa ziangaliwe, nyekundu ikiwaka kila kitu kizimwe na yeye apigiwe simu. Ufunguo ulibaki kwa Bonaventure, kwa amri ya Bertin. Kumwachia Bonaventure ufunguo ni kumwachia paka kapu la samaki wa mikeke, nilisema hivyo mbele ya watu, tukacheka, nikarudi kazini.

Ijumaa ya kwanza Bonaventure alinijia maternité na bidoni la lita ishirini begani. Maji meupe, kama ndani hamna kitu.

"Ya bamama," akasema. "Maji safi ya kuoshea batoto."

Bomba letu lilikuwa limekauka tangu Jumapili, na nilikuwa na wazazi wanne wodini. Nikamwambia Mungu akubariki. Sikuuliza yametoka wapi. Ijumaa ya pili akaleta bidoni jingine, na pamoja nalo chupa ya kupeleka nyumbani kwangu kwa ajili ya betri ya sola, maana betri za namna ile zinataka maji yasiyo na chumvi, na kuyapata hapa mjini ni shida. Taa yangu ilikuwa imefifia tangu mvua za masika. Usiku ule iliwaka vizuri, nikasoma Biblia bila miwani, nikamwombea Bonaventure. Siku ileile aliniomba kipande cha sparadra, plasta yetu ya kubandikia bendeji, akasema amejikata kidole. Nikamkatia kipande kirefu. Kidole sikukitazama.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi, Marthe akapiga simu. Uchungu wa Nadège ulikuwa umeanza kabla ya jua kutoka. Nilitoka mbio mpaka kwenye kibanda cha walinzi, nikamkuta Bonaventure amekaa mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani.

"Bonaventure, Mboko! Ule Nadège wa kovu. Sasa hivi!"

"Sawa, Mama. Niko natoka," akasema, akainuka, akaanza kunawa mikono.

Nikarudi ndani, kwa sababu kitandani kulikuwa na mwanamke ambaye kichwa cha mtoto kilishaonekana. Saa nne Marthe akapiga tena. Gari liko wapi? Nikampigia Bonaventure.

"Tuko njiani, Mama. Tumepita daraja."

Nikamwambia Marthe wako njiani, wamepita daraja, mutoe Nadège mumukalishe kando ya barabara, kwenye kivuli. Saa nne na nusu nikampigia tena shofa.

"Tuko njiani. Kuko tope mingi, lakini tuko nakaribia."

Nikamwambia Marthe kuna matope, lakini wanakaribia. Alisema asante. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Nadège akiguna, mguno mrefu, ule wa mtu anayejaribu kutopiga kelele mbele za watu wanaopita.

Karibu saa tano na nusu nilitoka nyuma ya jengo na beseni la maji tuliyodekia chumba cha kuzalishia. Gari lilikuwa pale. Palepale kando ya kontena, halijasogea hata hatua moja. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na juu ya machela ya wagonjwa, kwenye shuka niliyoifua mimi, alilala Bonaventure na viatu vyake, simu kifuani, bukari imekauka kwenye kidevu. Alikuwa anakoroma.

Nilimmwagia beseni lote.

"Uko njiani?" nikapiga kelele. "Umepita daraja gani, wee mbwa? Daraja ya kitanda?"

Aliruka, akajipangusa uso, akaona ni maji gani yale, akaanza kutema. "Pardon, Mama! Gesi iliisha. Tangu siku ine mashine haitoshe gesi."

"Na haukusema?"

"Chef Bertin alisema tunyamaze mupaka Vainqueur arudiye. Ati bale ba mradi basisikie."

"Na mi nilipokupigia simu? Ju ya nini haukuniambia gari haiko?"

Akatazama chini. "Niliona haya kukuambia hapana."

Aliona haya! Huku kwetu hakuna mtu anayejibu simu akasema siji. Mtu yuko nyumbani kwake, amejifunika blanketi, atakuambia yuko njiani, anakaribia, umpikie kabisa. Tunaita adabu, kutomvunja mtu moyo. Nimekwenda harusi zilizoanza jioni kwa sababu ya adabu hiyo, na nimecheka. Mimi mwenyewe husema niko njiani nikiwa bado naoga. Na asubuhi ile adabu hiyo ilikuwa imemkalisha mwanamke mwenye kovu kando ya barabara kwa saa nzima na zaidi, akingoja gari lililokuwa linakoroma hapa.

Nikatazama ambulansi ya zamani. Ilisimama juu ya matofali karibu na ukuta; matairi yake Bertin alishayapeleka kwenye lori la shemeji yake. Hakukuwa na gari jingine. Nikampigia Marthe.

"Mupande pikipiki," nikasema. "Mufunge Nadège kwa kitenge, wee ukae nyuma yake, muje polepole."

Akanirudishia neno langu. "Ulisema hapana pikipiki."

"Nilisema. Sasa mupande."

Walifika karibu saa tisa. Nadège alikuwa katikati, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa mwenye pikipiki ili asianguke, kichwa kimelala begani mwa mtu asiyemjua. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye viatu vya Marthe. Mgeni yule wa pikipiki alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake, anasema alijaribu kukwepa mashimo, Mama, nilijaribu. Nilipoweka mkono juu ya tumbo nilijua kovu limeachia. Tumbo halikuwa tena na umbo lake, na chini ya ngozi, karibu kabisa, nilishika mguu wa mtoto kama unavyoshika kitu ndani ya mfuko wa nguo.

Daktari alifanya alichoweza, na alifanya haraka. Nadège alibaki hai. Tumbo la uzazi lilitolewa. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, nywele nyingi, hakuna kasoro hata moja mwilini mwake, na alikuwa ameshakufa, labda mbali sana na hapa. Nilimfunga katika shuka, nikamlaza kwenye chumba kidogo mpaka ndugu watakapokuja kumzika.

Ni mimi niliyempigia simu Vainqueur. Alipanda gari Bukavu jioni ileile, akachukua boti Uvira, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni mwa kontena na begi lake bado mgongoni. Bertin alikuwepo, amenyoa, ananukia pafyumu. Bonaventure alisimama nyuma yake. Mimi nilisimama mbali kidogo, mikono kiunoni, nikingoja kuona haki.

Vainqueur alipofungua, harufu ilitupiga usoni. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua, na ndani yake harufu nyingine niijuayo tangu utoto, ya ufukoni asubuhi wavuvi wakiacha samaki waliokataliwa. Alifungua kifuniko cha tangi jeupe, lile alilosema ni roho. Ndani kulikuwa na utelezi wa kijani. Juu yake zilielea ndagala mbili, zimevimba, macho yametoka.

Vainqueur alizitoa kwa vidole, akaziweka kiganjani, akatuonyesha. Nilidhani atalia.

"Ni nani alitia maji ya ziwa humu?" akauliza baadaye.

Akageukia ubao wa taa. Waya wa king'ora cha mashine ulikuwa umekatwa na kufungwa fundo, nadhifu kabisa. Na juu ya taa moja palikuwa pamebandikwa kipande kirefu cha sparadra. Akakibandua. Chini yake taa nyekundu ilikuwa inawaka, inawaka bila kukonyeza, nani ajue kwa siku ngapi.

Mkasi wangu una pengo. Kila kipande ninachokata kinabaki na jino dogo pembeni. Niliona jino lile pale nilipokuwa nimesimama.

"Bonaventure," akasema Vainqueur, "maji yenye ilikuwa humu uliipeleka wapi?"

"Nilitosha kidogo kidogo tu," Bonaventure akaanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonewa. "Ni maji ya betri, muzuri sana, banagaraji banaipendaka. Gari hii haina mazuti, haina kitu, muntu aishi namna gani? Mbuzi inakulaka pale banaifunga. Na sikuacha tangi bure! Nilirudisha ingine ya ziwa. Maji ni maji."

"Chef Bertin alijua?"

Bertin alikohoa. "Mi nilipata bidoni moja mbili, ya batri za bureau, mule ofisini. Lakini tusipoteze wakati na mambo ndogo," akasema. "Tunaona wazi kama teknolojia hii haifae huku kwetu. Ni ya nchi za baridi. Nitaandika rapport kwa mradi, tuombe batupatie gari ingine, ya mazuti, yenye tunaijua."

Tayari alikuwa ameiandaa sentensi ile, niliisikia jinsi ilivyotoka, imepigwa pasi kama shati lake. Mtoto alikuwa amelala kwenye shuka hatua ishirini kutoka pale, na huyu alikuwa ananusa mazuti yake ya kesho. Mbuzi wetu alikuwa amekula majani, akala kamba, akala mti aliofungwa, sasa alikuwa anafuta mdomo na kuomba mti mwingine. Nikatema mate chini, mbele ya viatu vyake vilivyong'aa. Si maneno tu, mate kabisa.

"Muko bachafu," nikasema. "Wee na huyu. Hata nguruwe anaonaka haya."

Bertin hakukasirika. Ndilo jambo baya. Alitabasamu kidogo.

"Vainqueur anauliza maji ilienda wapi," akasema. "Bonaventure, umujibu yote."

Bonaventure alihesabu kwa vidole, kama mtoto mbele ya mwalimu. "Ilienda garaji. Ilienda bureau. Ilienda kwa ule wa kuchaji simu pale sokoni." Kisha akainua macho. "Na maternité. Mama Godelieve, mabidoni mbili. Na ya betri yake ya nyumba."

Wote watatu wakanitazama. Vainqueur alikuwa bado amezishika zile ndagala. Nikageuka, nikarudi maternité.

Marthe alikuwa ananingoja kwenye kile chumba kidogo. Hakuwa amelala. Damu ilikuwa imekauka kwenye viatu vyake. Wanaume wa kwao walikuwa njiani na jeneza, njiani kweli, na alitaka kumwosha mjukuu kabla hawajafika.

"Unipatie maji," akasema. "Lakini isikuwe ya ziwa. Bantu banatupa kila kitu mule. Hakufungua hata macho, asiguswe na uchafu."

Bomba lilikuwa kavu. Nilijua maji yako wapi, na nilisimama pale nikijifanya nafikiri. Kisha nikaenda kwenye kona, nikafunua kitambaa, nikalitoa bidoni la Ijumaa. Lilikuwa bado na zaidi ya nusu, maana nilikuwa nalibana, niliona ni kitu cha thamani.

Marthe alimfungua mtoto, akamweka kwenye beseni jipya. Nikainamisha bidoni. Maji yakashuka juu ya nywele zile nyingi, yakapita usoni, yakakusanyika shingoni. Yeye aliosha kwa kiganja, polepole, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, jinsi anavyooshwa mtoto atakayelala baadaye kidogo na kuamka kunyonya. Tuliosha muda mrefu.

"Maji hii ni safi sana," Marthe akasema. Alikuwa amesimamisha mkono, anayatazama yakitulia kwenye kiganja chake. "Inaonekana mupaka chini. Munaitosha wapi?"

Ningeweza kusema ni ya mvua. Ningesema tumeyachemsha. Angeamini, alikuwa ameniamini siku zote.

"Ni ya gari," nikasema.

"Gari gani?"

"Ile yenye mulikuwa munangojea. Inatembeaka na maji hii. Balikuwa banaitosha kwa mashine, banatugawia. Mi pia nilipokea. Njo maana haikukuya."

Hakuniangalia. Aliyatazama maji kiganjani, akayamwaga taratibu juu ya kifua cha mjukuu wake, akakipangusa.

"Basi gari imefika," akasema.

Kisha akasogeza beseni karibu nami, nimalizie kumwaga. Nikainua bidoni kwa mikono miwili, nikamwaga mpaka likaisha.